Kumfadhili mtoto ashindane kwa mikono yake: mwongozo wa mashindano ya bustani za shule

Mwaka wa kwanza nilipochangia mashindano ya bustani za shule, kikundi chetu kilikuwa na tuta zuri kuliko yote uwanjani. Mbao zimerandwa, miche imejipanga kama askari wa gwaride, kibao kimepakwa rangi nne. Jaji akainama mbele ya mvulana mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, akamuuliza, "Wewe ulipanda nini hapa?" Mtoto akamtazama mwalimu. Mwalimu akanitazama mimi. Hakuwa amepanda kitu. Njia kati ya matuta ilikuwa nyembamba, kiti chake hakikupita, basi kwa wiki nane alikuwa akiwekwa kivulini na kushikishwa kopo. Cheti tulipata. Sikukitundika popote.

Tangu hapo kila nikiombwa mchango nauliza swali moja tu: fedha hizi zitaiwezesha mikono ya mtoto kufanya nini? Hatua zote zilizo hapa chini zinalizunguka swali hilo. Nimewafikiria watoto wenye ulemavu na mahitaji maalumu, na wale wanaoishi katika mazingira magumu. Mara nyingi, kama utakavyoona, ni watoto walewale.

Hatua ya 1: Soma kanuni kabla hujaahidi chochote

Omba kanuni za mashindano kwa maandishi. Tafuta mambo manne: ukubwa wa eneo, tarehe za ukaguzi, mgawanyo wa alama, na nani anaruhusiwa kugusa bustani. Hilo la mwisho ndilo lenye miiba. Ukikuta kifungu kinachosema "kazi yote ifanywe na wanafunzi", uliza mapema: mtoto asiyeweza kushika jembe, lakini anayemwelekeza msaidizi achimbe wapi na kwa kina gani, je, hiyo inahesabiwa kuwa kazi yake? Mimi nasema ndiyo, ila maoni yangu hayatasaidia siku ya ukaguzi. Jibu liwe kwenye karatasi, limetoka kwa waandaaji.

Marekebisho mengine yaombwe hapohapo: muda wa ziada wa kujibu maswali ya majaji, ruhusa ya kutumia tuta la kuinuliwa badala ya ardhi tambarare, mkalimani wa lugha ya alama, daftari la kumbukumbu kuwa la picha au sauti badala ya maandishi. Waandaaji wakisitasita, kuna pa kushika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unataka katika ibara ya 30 watoto wenye ulemavu washiriki michezo na burudani sawa na wenzao, zikiwemo shughuli za shuleni. Ibara ya 2 nayo inahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayofaa kuwa ni aina ya ubaguzi. Si lazima uupeperushe kama fimbo. Sentensi moja ndani ya barua ya heshima inatosha.

Waandaaji wengine watapendekeza kundi la pembeni, lenye tuzo yake ya "watoto maalumu". Kwa kawaida nalikataa. Watoto wanajua tuzo ya huruma wakiiona, na wenzao pia wanajua. Lakini uamuzi ni wa mtoto na mzazi wake, na wakisema wanalitaka kundi hilo, nanyamaza.

Hatua ya 2: Pata watoto bila kuwaanika

Usiruhusu mtu asimame mbele ya darasa na kusema "wasiojiweza wanyooshe mikono". Nimeona likifanyika, tena na mtu mwenye nia njema kabisa. Mwalimu wa darasa tayari anajua nani huja bila daftari na nani haendi safari za shule. Mwombe yeye na mwalimu wa elimu maalumu wapendekeze watoto kimyakimya, kisha wazazi waulizwe mmoja mmoja, na mwisho mtoto mwenyewe aulizwe. Wapo wasiopenda udongo. Ulemavu haumfanyi mtu awe mkulima.

Kikundi kiwe cha mchanganyiko: wanaofadhiliwa na wasiofadhiliwa, wenye ulemavu na wasio nao, watoto wanane hadi kumi na wawili. Wakizidi hapo, wale wakimya hupotea. Vifaa viwe sawa kwa wote. Ukiwanunulia buti watano kati ya kumi, umewapiga mhuri wale watano.

Wewe mfadhili huhitaji kujua jina kamili la mtoto, wala ugonjwa wake, wala hadithi ya nyumbani kwao. Unahitaji kujua kwamba kuna watoto wawili wanaotumia viti vya magurudumu, mmoja haoni, watatu wanatembea mwendo mrefu kurudi nyumbani. Hayo yanatosha kupanga bajeti.

Hatua ya 3: Weka fedha mahali zinapouma

Watu wakisikia "bustani" huwaza mbegu na majembe. Kwa uzoefu wangu hivyo ndivyo vitu rahisi kuliko vyote, na ndivyo kila mtu hukimbilia kuchangia kwa sababu hupendeza kwenye picha. Mimi huanza na usafiri, msaidizi na mavazi.

Usafiri ni kwa sababu kazi ya bustani hufanyika baada ya masomo. Mtoto anayetegemea gari la pamoja au anayesindikizwa na ndugu hawezi kubaki saa moja zaidi bila mtu kulipanga hilo. Usipolilipia, atakuwa mwanachama wa jina tu.

Msaidizi ni mtu mzima mmoja wa ziada, anayelipwa, anayekuja siku zilezile kila wiki. Mwalimu peke yake hawezi kumshikia mtoto mmoja mkono, kumtuliza mwingine aliyeogopeshwa na sauti ya maji, na wakati huohuo kuwazuia wengine wasirushiane udongo. Hapa ndipo robo nzima ya bajeti yangu huishia, na sijawahi kuijutia.

Kuhusu mavazi, kulikuwa na msichana aliyekuwa akikwepa bustani kila Jumatano. Tulimwita mvivu, Mungu atusamehe. Mwalimu wake ndiye aliyegundua kwamba ana sare moja tu, na Alhamisi asubuhi lazima iwe safi. Aproni ndefu na buti za mpira zilimrudisha wiki iliyofuata. Tangu siku hiyo aproni huja kabla ya jembe kwenye orodha yangu.

Baada ya hapo ndipo zije gharama za udongo, mbao, vifaa, ada ya kushiriki, maji ya kunywa na kitafunwa (mtoto mwenye njaa hapalilii). Tenga pia kama asilimia 15 ya dharura, kwa sababu mvua itasomba kitu au ndege watakula mbegu. Fulana zenye nembo ya mfadhili ziwe za mwisho, na zikikosekana kabisa hakuna aliyepungukiwa.

Hatua ya 4: Andikeni makubaliano, hata ya ukurasa mmoja

Fedha ziingie kwenye akaunti ya shule au ya kamati inayotambulika, kamwe si kwenye simu ya mtu mmoja. Gawanya mara tatu: kabla ya kupanda, katikati ya msimu, na baada ya mashindano. Fungu la tatu lisitegemee ushindi. Andika nani anatunza risiti na lini utaziona. Andika pia kwamba vifaa vinabaki shuleni.

Kisha yafuate masharti yanayokufunga wewe. Hutembelei bila kuarifu. Hukai na mtoto peke yako. Hutoi zawadi kwa mtoto mmoja kwa siri. Mzazi atie saini fomu mbili tofauti, moja ya kushiriki na nyingine ya picha, ili asiyetaka mwanawe apigwe picha asilazimike kumtoa kwenye bustani. Picha ya mikono yenye udongo ikishika mche inasema yote unayohitaji kuwaambia wachangiaji wenzako. Sura na jina la mtoto chini ya neno "maskini" zitabaki mtandaoni hata akiwa na wajukuu.

Hatua ya 5: Jenga bustani inayofikika

Pima watoto kwanza, bustani baadaye. Kwa mtoto anayekaa kwenye kiti cha magurudumu, chukua futi kamba upime kutoka sakafuni hadi juu ya magoti yake akiwa ameketi, ongeza sentimita 5. Huo ndio uwazi unaotakiwa chini ya tuta la mtindo wa meza, ili aingize miguu na kufanya kazi akitazama mbele. Tuta la sanduku lililojaa hadi chini humlazimu akae ubavu na kujipinda mgongo. Kwa dakika tano anavumilia, kwa nusu saa hawezi. Pima pia mkono wake unafika wapi bila kuinama sana. Kwa watoto wengi ni kama sentimita 50, kwa hiyo tuta linalofikiwa upande mmoja lisizidi upana huo, na linalofikiwa pande zote mbili lisizidi mita moja.

Njia iwe na upana usiopungua sentimita 90. Ukipata 120 ni nafuu zaidi, na mahali pa kugeuzia kiti pawe na mita moja na nusu kwa mita moja na nusu. Mahali penye kizingiti, mteremko uwe wa sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo: kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180. Kokoto zisizoshindiliwa humeza magurudumu ya mbele. Tumia changarawe laini iliyoshindiliwa vizuri, saruji au mbao. Ukingo mdogo ulioinuka kama sentimita 5 pembeni ya njia utamsaidia anayetembea kwa fimbo nyeupe kujua njia inaishia wapi.

Sasa hesabu ya udongo, maana hapa ndipo wafadhili wapya hushtuka. Tuta la sanduku lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 60, kwa watoto wanaosimama au wanaotumia magongo, usilijaze udongo mtupu. Sentimita 20 za chini weka matawi na majani makavu. Zinazobaki 40 ni lita 800 za udongo, yaani ndoo 40 za lita 20, zenye uzito wa kama tani moja. Tani moja haiji yenyewe: inahitaji toroli, watu wazima na Jumamosi nzima. Panga na wazazi. Na kwa kuwa matawi yataoza na tuta litashuka, weka akiba ya mboji ya kuongezea.

Mbao ziwe salama. Mataruma ya zamani ya reli na nguzo chakavu za umeme mara nyingi zimelowekwa kreosoti, dawa ya kuhifadhi mbao yenye sumu, na baadhi ya mbao kuukuu zilizotiwa dawa zina arseniki, nayo ni sumu. Ukipewa bure, kataa kwa shukrani.

Jambo moja zaidi kabla sijaacha habari ya ujenzi. Gawa tuta kwa kamba katika miraba, kila mtoto na mraba wake, na ibaki sehemu ya wote. Wazo si langu. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837 na baadaye akaipa jina lenye maana ya "bustani ya watoto", alitaka kila mtoto awe na kipande chake mwenyewe pamoja na eneo la wote. Jaji akiuliza "wewe ulipanda nini", jibu liko chini ya kidole.

Hatua ya 6: Hesabu siku kurudi nyuma

Anza na tarehe ya ukaguzi, rudi nyuma. Figili huwa tayari kwa siku 25 hadi 30, saladi kwa 45 hadi 60, maharage mafupi kwa 50 hadi 60, alizeti kwa 70 hadi 100. Ongeza wiki mbili za kuchelewa, kwa sababu watoto wataugua, kutakuwa na mitihani, na kuna siku mtu atasahau kumwagilia. Kila zao lipandwe kwa awamu tatu, tofauti ya siku kumi. Awamu moja ikiharibika, mtoto ana nyingine. Mtoto aliyezoea kushindwa darasani akiona mche wake pekee umekufa, humpati tena.

Figili zina sifa nyingine: huchomoza ndani ya siku chache. Kwa mtoto ambaye wiki mbili kwake ni sawa na milele, mmea unaotokea kabla hajausahau ni bora kuliko ule mzuri unaochelewa. Panda vilevile mimea yenye harufu na mguso, kama mnanaa na mrehani, karibu na njia pale mkono unapopita. Mpangilio wa rangi usiwe ndio kila kitu, maana kuna mshiriki asiyeuona.

Hatua ya 7: Mpe kila mtoto kazi ya kweli

Kazi ya kweli ni ile ambayo isipofanyika, bustani inaharibika. Kushika kibao si kazi. Anza na kile mtoto anachokipenda, hata kama ni kitu kimoja tu. Tulikuwa na mvulana mwenye usonji aliyekataa kupanda, akakataa kumwagilia, akakataa glovu. Alichotaka ni kuchekecha udongo. Alikaa na chekeche lake akitikisa, anatazama unga mweusi ukishuka, anatoa mawe na kuyapanga kwa ukubwa. Tukaacha kumsumbua, tukaligeuza chekeche kuwa idara yake. Kitalu chetu mwaka huo kilikuwa na udongo laini kuliko vikundi vyote, na alipoulizwa na jaji alijibu kwa maneno matatu: "Mimi natoa mawe." Alama tulipata.

Kwa mtoto asiyeona, chukua kamba, funga fundo kila baada ya sentimita 10, ivute kati ya vigingi viwili. Anapapasa fundo, anachimba kwa kidole hadi kiungo cha pili, anaangusha harage, anafunika, anahamia fundo linalofuata. Usimlazimishe glovu nene. Vidole vyake ndivyo macho yake, mwache achafuke kisha anawe. Vibao vya mimea viwe na nukta nundu au alama za kukatwa pembeni: mkato mmoja figili, miwili maharage. Mwenye uoni hafifu, wakiwemo watoto wengi wenye ualbino, atafanya vizuri zaidi na maharage meupe juu ya udongo mweusi, au mbegu nyeusi zilizomwagwa kwanza kwenye sahani nyeupe. Mipini ya vifaa ipakwe rangi ya manjano au nyekundu ili isipotee ardhini.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye vidole havimtii apewe mbegu kubwa: maharage, alizeti, maboga. Mpini wa sepeto dogo uviringishwe sponji na utepe hadi unene umtoshe kushika. Anayekaa na hafiki ardhini mpe bomba la plastiki la mita moja: upande mmoja kwenye shimo, upande wa pili mkononi mwake, mbegu inateleza na kutua mahali pake. Ni kipande cha bomba la maji tu, na katika vyote nilivyonunua sijaona kilicholeta kicheko kikubwa zaidi.

Mbegu ndogo kama za karoti ni mtihani hata kwa watu wazima. Koroga unga na maji upate uji mzito, dondoshea matone kila sentimita 5 kwenye ukanda wa karatasi laini ya chooni, bandika mbegu moja moja, kausha. Mtoto mwenye mikono makini huifanya kazi hiyo darasani siku ya mvua. Asiye na wepesi wa vidole huulaza ukanda mzima kwenye mfereji na kuufunika kwa sentimita moja ya udongo. Wawili wamepanda mstari mmoja.

Kwa mtoto kiziwi, onyesha kwanza, eleza baadaye. Usiongee huku umeinamia tuta, maana unaficha uso wako. Na jifunzeni wote ishara za msingi, wakiwemo wenzake: maji, mbegu, chimba, subiri. Kwa mwenye ulemavu wa akili, picha nne kwenye kamba ya nguo, chimba, weka, funika, mwagilia, kila moja ikigeuzwa inapokamilika. Hatua moja kwa wakati, siku zilezile, mpangilio uleule. Kinachotuchosha sisi kwa kurudiwa ndicho kinachompa yeye uhakika.

Kuhusu maji: lita moja ni kilo moja. Kopo la lita 10 ni kilo 10, na mtoto mdogo atalimwaga lote mahali pamoja. Chupa ya lita moja yenye matundu kwenye kifuniko inafaa karibu kila mkono.

Hatua ya 8: Usalama, kwa ufupi lakini bila mzaha

Hakikisha mwalimu amekagua kadi za chanjo, hasa ya pepopunda, kabla ya siku ya kwanza ya udongo. Kuna watoto wanaotia kila kitu mdomoni: kwa ajili yao nunua mbegu zisizopakwa dawa (zilizopakwa mara nyingi huwa za rangi ya waridi, buluu au kijani), na ng'oa mnyonyo wowote ulio karibu, mbegu zake ni sumu kali. Vichwa vya vigingi vifunikwe kwa mpira au chupa, visije vikamtoboa jicho anayeinama. Mapipa na ndoo za maji zifunikwe kila wakati, kwani mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache, na mwenye kifafa akiangukia humo hana wa kumwita. Baadhi ya dawa za kifafa hupunguza jasho, kwa hiyo kivuli na maji ya kunywa kwao ni lazima.

Mtoto mwenye ualbino afanye kazi kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, akiwa na kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua, ambayo inaingia kwenye bajeti yako. Watoto waliozaliwa na mgongo wazi wengi hudhurika na mpira wa asili, basi glovu ziwe za naitrili, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani. Dawa za kuua wadudu sizileti kabisa.

Hatua ya 9: Jitayarishe kwa siku ya majaji

Siku chache kabla, mtu aende uwanjani na futi kamba. Choo kina upana gani mlangoni? Kuna ngazi? Vipaza sauti viko wapi, na kona tulivu iko wapi kwa mtoto atakayezidiwa na kelele? Andika barua fupi kwa majaji ukiwaomba mambo matatu: waongee na mtoto, si na msaidizi wake, wajishushe hadi usawa wa macho yake, na wakishauliza wasubiri. Sekunde kumi za kimya humtisha jaji kuliko mtoto. Mtoto asiyezungumza anaweza kujibu kwa albamu ya picha zake mwenyewe akiwa kazini, moja kwa kila wiki. Fanyeni mazoezi, mtu asiyejulikana na kikundi akijifanya jaji.

Siku yenyewe wewe simama nyuma. Ukiitwa mbele, nenda, pokea asante, rudi. Bango lako lisiwe kubwa kuliko tuta.

Hatua ya 10: Baada ya kelele kuisha

Fungu la tatu la fedha ndilo linalofanya kazi hapa. Kuna likizo, na likizo huua bustani. Lipia mtu wa kumwagilia, au weka matandazo mazito na chupa zilizotobolewa na kuzikwa karibu na mizizi. Kaa na watoto wiki ile ile, kabla ya ripoti yoyote, uwaulize kilichowachosha na kilichowafurahisha. Mvulana yule wa mwaka wa kwanza nilimuuliza kwa kuchelewa sana, tayari akiwa amehama shule. Aliniambia alitaka kupanda alizeti.

Mazao yagawanywe na walioyalima. Maganda machache ya maharage yaachwe yakauke kwenye mmea hadi yalie yakitikiswa. Yakobolewe, yaanikwe siku kadhaa kivulini, yatiwe kwenye chupa yenye kifuniko na kuandikwa tarehe. Chupa likae darasani, kwenye rafu ya chini.